Kijiji kipya mpakani: kilimani au kando ya ziwa?

Kila tukianzisha mchezo wa ulimwengu wa kubuni hapa Kampala, ubishi ni uleule: wahamiaji wetu wajenge wapi?

Kwa gharama, ziwani ni nafuu. Maji yako mlangoni, samaki wapo, mizigo inakuja kwa mtumbwi. Kilimani kila mtungi hupandishwa kichwani, jambo ambalo wachezaji hulisahau mpaka kiangazi kiingie.

Kwa ulinzi, kilima kinashinda. Makabaka, yaani wafalme wa Buganda, waliweka makao vilimani, nao hawakuwa wajinga. Lakini mwinuko pekee hautoshi. Tazama Bigo bya Mugenyi, ngome ya kale ya Uganda karibu na Mto Katonga: mahandaki ya zaidi ya kilomita 10, yote yalichimbwa kwa mikono. Nani atawalisha wachimbaji hao huku mazimwi yananguruma msituni?

Matunzo? Ziwa hupanda. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilimeza nyumba za ufukweni, na mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwahamisha watu pwani yake. Joka la nini tena?

Mkiwa watu ishirini wenye mbegu chache, anzeni ziwani. Mkiwa na mikono mingi na adui jirani, pandeni kilimani. Mimi hupanda, ila mtungi abebe mwingine.