TAHADHARI: Simu ya bei chee Kabwe, unauziwa deni la mtu

Ndugu zangu wa Mbeya, hasa mnaopandia daladala Kabwe jioni, nisikilizeni.

Mwezi uliopita nilikuwa pale nasubiri gari la Uyole. Akaja kijana msafi, begi mgongoni, akaniamkia, "Mwagonile mama." Sasa mtu akikusalimia kwa lugha ya kwenu huku mvua inakunyeshea, unaanzaje kumshuku? Akasema kaibiwa nauli ya kurudi Tunduma, anauza simu yake. Ipo na boksi, chaja na kava. Dukani simu ile haishuki laki nne. Tukamalizana kwa 180,000.

Msidhani sikukagua. Nilibonyeza *#06#, IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, ikalingana na ya kwenye boksi. Nikaituma kwenda 15090, jibu likaja na aina ya simu ileile. Kamera safi. Risiti tu ndiyo haikuwepo, eti ililowa.

Wiki ya tatu niko sokoni napima viazi, kioo kikabadilika chenyewe: malipo yamechelewa, lipa ufunguliwe. Hata picha za mjukuu wangu sizioni tena.

Kumbe ni simu ya mkopo. Mtu analipa kianzio, anapewa simu yenye programu ya mkopeshaji ndani yake. Asipopeleka rejesho, inafungwa kwa mbali kupitia intaneti, iwe mkononi mwake au mwangu. Na ile 15090 inakuambia kama simu ni halisi. Kama inadaiwa haikuambii. Hapo ndipo nilipoingia mkenge.

Fundi wa kwanza Mwanjelwa akala 40,000 akaifleshi, yaani akaiwekea programu upya. Ikafunguka. Nilipowasha data tu, ikajifunga tena. Fundi wa pili akataka nenosiri la barua pepe yangu na PIN ya laini "ajaribu kitu". PIN ya laini yenye hela za kikoba! Nikachukua simu yangu nikaondoka.

Mkinunua simu ya mkononi mwa mtu, mwambieni aifute yote mbele yenu, irudi kama ilivyotoka kiwandani, kisha iunganisheni na intaneti mkiwa bado mmeshika hela zenu. Ikitokea nembo ya mkopeshaji, au ikidai akaunti ya mwenyewe wa zamani, mrudishieni. Inachukua kama robo saa. Wangu alikuwa "anawahi gari", na mimi mvua ilinipa haraka isiyo yangu.

Namba aliyoniachia haipatikani. Nimeiripoti 15040, namba ya kuripoti matapeli, na polisi nimechukua RB, ingawa sina matumaini makubwa. Laini nimeihamishia kwenye kitochi.

Juzi jirani yangu kakutana na kijana wa nauli ya Tunduma pale Mafiat, salamu ni ileile. Safari hii anauza laptopu.