Askari wa risasi, Dinky au modeli za kuunganisha: ukiwa Malindi anza na nini

Wenzangu wa pwani mnaopenda vijiaskari na vifaru vya zamani, leo navipanga kwa daraja, na kipimo changu ni hiki: je, kitahimili chumvi na unyevu wa huku kwetu, halafu ukikishika mkononi bado kitakurudisha utotoni? Bei tutaiongea baadaye.

Namba moja ni askari wa risasi (ile metali nzito laini, si ya bunduki) wa kampuni ya William Britain, wala sifikirii mara mbili. Ni wale walio na uwazi ndani, walianza kutengenezwa Uingereza 1893, madini moto yanamiminwa kwenye kalibu halafu yanamwagwa kabla ya katikati kuganda, kwa hiyo linabaki ganda tu, na utengenezaji huo ukaendelea hadi 1966. Urefu wa kawaida ni 54 mm. Ukipewa mmoja usitazame sura kwanza, mgeuze usome maandishi chini, kisha piga tochi ya simu shingoni maana vichwa vikikatika watu huvirudisha kwa njiti ya kiberiti. Cheki mkono pia, ile mikono inayozunguka ndiyo hupotea. Rangi ikiwa imechubuka kwenye kofia na ncha ya bunduki hiyo ni nzuri, ni ya asili, lakini ikiwa inang'aa sawasawa mpaka kwenye mikunjo ya nguo jua imepakwa upya na usikubali bei ya asili. Mimi ningetafuta kwanza seti namba 225, King's African Rifles, jeshi la Waafrika wa huku chini ya Waingereza, wenye tarbushi nyekundu na khaki, kwa sababu hao ni mababu zetu kabisa, wengine walipelekwa mpaka Burma, na kuwaona wamepangwa kwenye kabati la sebuleni ni raha ambayo hakuna kifaru cha Ulaya kitakupa.

Ila risasi ni sumu, watoto wasiguse na wewe ukimaliza unawe mikono. Na jamani msiwahifadhi ndani ya kasha la mbao, najua linapendeza, lakini mbao nyingi hutoa mvuke wa asidi, na ukifunga kifuniko risasi inaanza kuota unga mweupe mpaka askari analika. Weka kwenye kioo penye hewa, na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya usitupe.

Namba mbili, magari ya jeshi ya Dinky, yale madogo ya kuchezea ya metali kutoka Uingereza. Kifaru cha Centurion namba 651 ni kizito, kinajaa kiganjani vizuri. Minyororo yake ni ya mpira, kwa joto letu hukauka ikakatika, lakini mipya inauzwa kwa hiyo isikukatize tamaa, itumie kupunguzia bei. Yale ya kabla ya Vita Vikuu vya Pili yapite tu, zinki yake mara nyingi ilichanganyika na uchafu, inapasuka yenyewe na hakuna gundi ya kuokoa.

Tatu ni modeli za plastiki ambazo hazijaunganishwa, za kampuni kama Airfix kwa kipimo cha 1/72 (ndogo mara 72 kuliko kitu halisi) au Tamiya kwa 1/35. Hapa Malindi tuna bahati ya Waitalia, mtu akifunga nyumba arudi kwao vitu vinauzwa kwa jumla, kwa hiyo uliza kama kuna boksi la Italeri au Esci, kampuni za modeli za kwao, juu ya kabati. Fungua uhesabu fremu zote zilizoshika vipande ukilinganisha na karatasi ya maelekezo, na stika za maji, zile za kulowekwa kabla ya kubandikwa, zikiwa za manjano ziweke juani dirishani siku kadhaa, mara nyingi hupauka zikarudi. Ukiagiza nje usitegemee gundi wala rangi kuja kwa ndege kirahisi, zinawaka moto, na supaglu usiipeleke karibu na kioo cha rubani, itakiacha na ukungu mweupe.

Modeli zilizounganishwa tayari ni za nne, nunua kwa bei ya spea tu.

Mwisho kabisa ni askari wapya waliomiminwa kwa kalibu za kuiga na kuuzwa kama wa kale. Ukiona muuzaji hataki ugeuze askari uone chini, mshukuru, ondoka, pesa yako ingoje Britains wa kweli hata kama ni mmoja asiye na mkono.