Sanduku la Ludhiana kwenye Januari ya Winnipeg

Ludhiana, kule Punjab, ni mji wa sweta, na kijana wa Kihindi anayekwenda kusoma Kanada mara nyingi hufungasha mali ya huko: sweta nzito mbili tatu, shali, fulana za ndani za joto, na kofia ya sufu inayoacha uso tu. Hapa tunalipima sanduku hilo kwa Winnipeg, ambako wastani wa Januari ni kama nyuzi -16 za Selsiasi na asubuhi ya -30 haimshangazi mtu.

Fulana na suruali za ndani zinafaa, na India ni nafuu. Beba pea tatu. Ila soma lebo kwanza. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo: mtu akikimbilia basi akalikosa, mgongo uliolowa unapoa pale pale kituoni. Chukua poliesta au sufu ya merino inayoshika mwili, gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba.

Sweta nzito ndiyo inayofeli. Upepo unapenya kwenye matundu ya ufumaji, lakini kasoro kubwa zaidi huonekana ndani ya nyumba. Nyumba nyingi za Delhi hazina hita, kwa hiyo watu hushinda na sweta kutwa. Darasa la Winnipeg lina nyuzi 21. Sweta ya kuvalia kichwani inakuchemsha, na ukiivua inapanda na fulana yake mbele za watu. Flisi (koti jepesi la kitambaa laini chenye vinyweleo) yenye zipu ya mbele inafanya kazi hiyo kwa nusu ya uzito.

Koti la nje usilinunue Delhi. Linalouzwa huko kama la baridi kali mara nyingi ni la matembezi ya Shimla, mji wa milimani wa India. Tafuta parka, yaani koti nene lenye kofia, inayofika katikati ya paja, yenye ukanda wa kitambaa nyuma ya zipu na mkono wa ndani unaobana kifundo cha mkono. Namba 600 au zaidi kwenye lebo huonyesha jinsi manyoya ya bata yaliyojazwa ndani yanavyofutuka, si wingi wake, kwa hiyo libonyeze koti uone kama linarudi. Manyoya yakilowa hulala na joto huondoka; Vancouver, penye mvua kuliko theluji, koti lililojazwa nyuzi za kiwandani linafaa zaidi. Lijaribu ukiwa na flisi ndani, unyooshe mikono mbele: mgongo ukibana, manyoya yamegandamizwa na baridi itapita hapo. Singasinga aijaribu kofia ya koti juu ya kilemba chake, maana nyingi hazifungi, na bangili yake ya chuma, kara, ikae juu ya mkono wa fulana, isiguse ngozi.

Parka mpya ya maana ni dola 300 za Kanada na kuendelea. Mitumba ipo, tena mizuri. Pitisha vidole mabegani, ndiko manyoya hukimbia kwanza. (Makoti ya aina hii ndiyo yanayofika Gikomba na kumshangaza mnunuzi.)

Kwenye buti usibane pesa hata kidogo. Chukua namba moja zaidi, zenye soksi ya felti (sufu iliyoshindiliwa) inayotoka. Wageni wengi huvaa soksi mbili katika buti linalobana, damu haipiti vizuri, kisha wanalaumu buti. Soksi moja nene ya sufu inatosha. Kila usiku toa felti ikauke, la sivyo jasho la leo ndilo baridi ya kesho. Chumvi ya barabarani ifute kwa maji na siki kidogo kabla haijala ngozi.

Glavu za vidole vitano ni za Oktoba. Januari vaa za mfuko, vidole vinne vikae pamoja vipashane joto, na glavu nyembamba ndani kwa ajili ya simu. Ubaridi wa upepo ukifika -40, ngozi iliyo wazi yaweza kuganda ndani ya dakika 5 hadi 10.

Na ile kofia ya uso, ambayo Kolkata huiita monkey cap na vijana huionea haya, ndiyo kitu bora sandukuni. Nyota tano. Pumzi huigandisha mdomoni, basi beba mbili, moja ikauke juu ya hita.