Punje 1,106 sakafuni: Tathmini ya kozi ya wapiga kura na mipaka, Kisumu

Nililipa shilingi 2,500 kuhudhuria kozi ya Jumamosi tano iliyofanyika katika ukumbi wa kukodi mtaani Milimani, Kisumu, kuhusu namna muundo wa wapiga kura, yaani idadi yao, umri wao, kabila lao na mahali wanapoishi, unavyoelekeza sera za uhamiaji na ulinzi wa mipaka. Ninafundisha Historia katika shule ya upili, na kwa sababu hiyo pekee kozi ingenifaa. Lakini nilikuwa na sababu ya karibu zaidi. Mama yangu ni Msamia aliyezaliwa upande wa Uganda na kuolewa upande wa Kenya, na katika ukoo wetu kila kijana anapofikisha miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, swali huwa ni lile lile. Mpwa wangu alirudishwa nyumbani mara tatu, akatakiwa kuleta kitambulisho cha babu yake mzaa mama, mtu aliyefariki kabla kijana huyo hajazaliwa. Nilitaka kuelewa ni nani anayenufaika mtu kama yeye anapocheleweshwa, na ni nani anayenufaika anapoharakishwa.

Kuhusu huduma yenyewe sina mengi ya kulalamikia. Vipindi vilianza saa nane mchana na kumalizika saa kumi na moja, chai na nduma vilikuwemo katika ada, na tulikuwa watu 23: walimu, wafanyabiashara wa omena, wanafunzi wawili wa chuo, na mzee mmoja ambaye aliwahi kuwa naibu wa chifu. Viti vilikuwa vichache siku ya kwanza, lakini kasoro hiyo ilirekebishwa Jumamosi iliyofuata.

Kipindi cha kwanza ndicho kilichonifanya nisijutie ada yangu. Mkufunzi alichora ramani ya Kenya kwa chaki sakafuni, kubwa kiasi cha watu sita kusimama ndani yake, kisha akamwaga mfuko wa punje za mahindi na kutuambia kwamba kila punje inasimama badala ya wapiga kura 20,000. Daftari la uchaguzi wa 2022 lilikuwa na wapiga kura 22,120,458, kwa hiyo tulihesabu punje 1,106. Tulipoanza kuzigawa kwa kaunti tukapiga magoti sote, wazee kwa vijana. Nairobi ilijaa hadi punje zikamwagikia Kiambu. Bungoma na Busia, kaunti mbili tu za mpaka wa magharibi, zilipata punje 53. Garissa, Wajir na Mandera, ambazo kwa pamoja zina zaidi ya sehemu moja kati ya tano za ardhi ya nchi nzima, zilipata 31. Yule naibu wa chifu aliziokota hizo 31, akazikunja ndani ya ngumi moja, na ngumi ikafungika vizuri.

Kisha mkufunzi akaweka kando punje zinazolingana na tofauti ya kura kati ya William Ruto na Raila Odinga mwaka huo, ambayo ilikuwa kura 233,211. Hazikufika 12. Ukumbi ulinyamaza. Kwa mtu anayeishi Busia maana yake ilikuwa wazi: katika uchaguzi wa urais unaokaribiana hivyo, kaunti yake peke yake ina karibu mara mbili ya kura zinazotenganisha mshindi na mshindwa, na mgombea yeyote anayepanga kufunga mpaka ambao kaunti hiyo inaupatia riziki atafikiri mara mbili.

Kutoka hapo ndipo ilipozaliwa hoja kuu ya kozi, kwamba Kenya ina mipaka miwili inayotawaliwa na Bunge moja kwa mioyo miwili. Upande wa Somalia, ujenzi wa uzio ulianza 2015. Upande wa Uganda, Februari 2018, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia ili watu na mizigo wapite kwa haraka zaidi. Tangu Januari 2014 Mkenya huvuka kwenda Uganda au Rwanda kwa kitambulisho cha taifa tu. Mkufunzi alieleza tofauti hiyo kwa punje: penye kura nyingi mpaka hufunguliwa, penye kura chache mpaka huzibwa.

Hoja hiyo inavutia, lakini haitoshi, na nilisema hivyo palepale. Uzio wa mashariki ulikuja katika kipindi cha mashambulizi ya kigaidi: watu 67 waliuawa katika jumba la maduka la Westgate jijini Nairobi mnamo Septemba 2013 na wengine 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2015. Hakuna shambulio la aina hiyo lililowahi kuvuka kutoka Malaba, mpakani na Uganda. Serikali yoyote, hata ambayo haitegemei kura, ingeulizwa na wananchi inafanya nini. Ninachokubaliana nacho ni sehemu ya pili ya hoja: hofu ilipokuwa halali kwa nchi nzima, gharama yake iliwekwa juu ya watu ambao kura zao ni chache, na ndiyo sababu Mkenya wa Mandera alilazimika kwa miaka mingi kuthibitisha uraia wake mbele ya kamati ya ukaguzi, jambo ambalo kijana wa Nyeri hajawahi kuombwa.

Jumamosi ya pili ilihusu sensa, na hapa mkufunzi alikuwa katika ubora wake. Alikumbusha kwamba mnamo Agosti 2010 waziri wa mipango wa wakati huo, Wycliffe Oparanya, ambaye baadaye akawa gavana wa Kakamega, alifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za Turkana na kaskazini mashariki kwa sababu idadi ya watu ilionekana kuongezeka kupita kiasi kinachoweza kuelezwa na uzazi. Wengi wetu tulikumbuka tangazo lile, lakini hatukuwa tumeliunganisha na mpaka. Wakati huohuo Katiba mpya ilikuwa inapitishwa, ikisema kwamba maeneo bunge hugawanywa kwa kuzingatia idadi ya watu. Mtu akihesabiwa kuwa mwenyeji, anaongeza uzito wa eneo lake Bungeni na katika mgao wa fedha. Akihesabiwa kuwa mgeni aliyevuka, uzito huo unapotea. Kwa hiyo swali la nani amevuka mpaka lilikuwa pia swali la viti. Ningependa kila mwalimu wa Historia katika ukanda huu asikie kipindi hicho kilivyofundishwa, kwa utulivu, bila kumtuhumu mtu, nyaraka zikiwa mezani.

Kwetu magharibi suala hilo lina mizizi mirefu zaidi. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901 ilikuwa imefika Uganda, kwa maana mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande huu mnamo 1902 tu, kwa uamuzi wa Waingereza. Idi Amin aliitumia historia hiyo Februari 1976 alipodai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni yake. Wasamia, Wateso na Wasabaot walijikuta wakiwa raia wa nchi mbili bila kuhama hata hatua moja. Mkufunzi aliupitia mkasa huu kwa dakika kumi tu, na hapo alitupunja.

Kipindi cha nchi za nje kilinipa chakula kingi cha mawazo. Mwaka 1994 wapiga kura wa California walipitisha, kwa karibu asilimia 59, pendekezo namba 187 la kuwanyima wahamiaji wasio na hati huduma za umma kama vile elimu. Mahakama ililizuia. Katika miaka iliyofuata Walatino wengi walichukua uraia na kujiandikisha kupiga kura, na jimbo hilo likawa ngome ya chama cha Democratic. Kwa miongo kadhaa wanasiasa wa Marekani waliichukulia hadithi hiyo kama kanuni: Walatino wakiongezeka, siasa kali za mpaka zitapungua. Kisha ukafika uchaguzi wa 2024, na kaunti ya Starr iliyoko Texas kwenye mpaka wenyewe wa Mexico, ambayo takriban wakazi wake wote ni Walatino, ikampa Donald Trump ushindi. Haikuwa imemchagua mgombea urais wa Republican tangu 1892. Mkufunzi alitupa pia mfano wa Uingereza katika kura ya maoni ya Juni 2016: mji mdogo wa Boston, ambako wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki walikuwa wameongezeka kwa kasi katika muda mfupi, ulipiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya kwa asilimia 75.6, ilhali London yenye wahamiaji wengi kuliko mji wowote nchini humo ilitaka kubaki. Nilivyoelewa mimi, kasi ya mabadiliko huwatisha wapiga kura kuliko wingi wa wageni. Methali yetu inasema mgeni njoo mwenyeji apone, na hata hivyo mwenyeji huuliza wageni wamekuja wangapi kwa wiki moja.

Cha kushangaza ni kwamba mkufunzi, baada ya kutuonyesha Starr kwa ustadi huo, alirudi kwenye Kenya na kuzungumza tena kana kwamba kila jamii hupiga kura kama mtu mmoja. Wateso watataka hivi, Waluo watataka vile. Hii ndiyo kasoro kubwa zaidi ya kozi. Mfanyabiashara wa Busia anayeuza sukari ya viwanda vyetu hataki sukari ya magendo ipite. Jirani yake, wa kabila lake na wa kanisa lake, anasomesha watoto kwa kuibeba sukari hiyo kwa pikipiki usiku.

Ziara ya Busia katika Jumamosi ya nne ndiyo niliyoisubiri, na basi lilichelewa kuondoka Kisumu kwa saa nzima, hivyo tukabaki na saa mbili tu. Hata hivyo ziligeuka kuwa saa mbili zenye manufaa. Tuliona jinsi msafiri anayekwenda Uganda anavyopita upande wa Kenya bila kusimama, kisha akahudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili ndani ya ukumbi mmoja ng'ambo. Tulielezwa kwamba mzigo wa bidhaa za Afrika Mashariki usiozidi thamani ya dola 2,000 hupita kwa cheti rahisi kinachojazwa palepale. Nje, hatua chache kutoka hapo, kijana wa bodaboda alikuwa anafunga trei za mayai kwa mpira wa baiskeli, trei juu ya trei hadi zikampita kichwa, akielekea njia ya panya. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa na beseni la nyanya kama hutumia cheti kile. Alitua beseni kwanza, akaipanga upya nyanya iliyokuwa imebonyea, ndipo akanijibu: "Mwalimu, mimi huvuka mara nne kwa siku na hakuna anayeniuliza napigia kura wapi. Msimu wa kura ukifika, ndipo wanapoanza kuniuliza natoka wapi."

Maneno hayo yalistahili kipindi kizima. Tetesi za wapiga kura kusombwa kutoka ng'ambo hurudi kila uchaguzi, na kwa kila tetesi kuna mwanamke kama huyu anayetazamwa vibaya kwenye foleni. Hatukurudi kulijadili, kwa sababu Jumamosi ya mwisho ilitumika kwa jaribio na kugawa vyeti, na kuhusu vijana tuliambiwa tu kwamba walikuwa chini kidogo ya asilimia 40 ya waliojiandikisha 2022, pungufu ya ilivyokuwa 2017. Vitini vyote viliandikwa kwa Kiingereza, jambo lililowanyima wafanyabiashara wa omena nusu ya faida waliyoilipia.

Kuna pia mifano miwili ambayo waandaaji wanapaswa kuiongeza, kwa kuwa inavutana. Wamakonde wa Kwale, jamii yenye asili ya Msumbiji iliyoishi Kenya bila uraia, walikuwa wachache mno kuweza kumtisha mwanasiasa yeyote, lakini walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mnamo 2016, wakatambuliwa kuwa raia, na wakapata vitambulisho kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017. Kwa upande mwingine, Rais Ruto alipotangaza Februari 2025, akiwa Wajir, kwamba ukaguzi wa ziada wa waombaji vitambulisho wa kaskazini umekwisha, wapinzani wake walisema papo hapo kwamba anatafuta kura za 2027. Huenda hesabu ya kura ilikuwepo. Kwa maoni yangu, haki iliyocheleweshwa kwa miongo haipungui kwa sababu aliyeitoa anahitaji kura, na mpwa wangu angeipokea kutoka kwa yeyote.

Nawapa waandaaji alama nne kati ya tano, na nimewaandikia barua kuhusu vitini na kuhusu saa iliyopotea njiani. Wamejibu kwamba awamu ijayo vitini vitakuwa kwa Kiswahili na basi litaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimekwisha kulipia nafasi mbili: moja ni ya mpwa wangu, ambaye kitambulisho chake kilitoka hatimaye mwezi uliopita, na nyingine ni ya mama mwenye beseni la nyanya, iwapo nitampata tena pale Busia na akakubali kuacha biashara yake kwa Jumamosi tano.