Darasa la kuunda mtu wa akili unde: nililipa 8,000, na haya ndiyo niliyoyakuta

Kazi yangu ni kupaka hina, na Ramadhani harusi hakuna. Mwezi mzima simu hunyamaza mpaka ikaribie Idi, ndipo nyumba yangu ya Kisauni, Mombasa, inapojaa watu hadi barazani. Pengo hilo ndilo lililonipeleka kwenye darasa la Jumamosi nne karibu na Mwembe Tayari, la kutengeneza mwanamke wa akili unde, yaani picha za mtu asiyekuwepo zinazotolewa na programu, kumfungulia akaunti mtandaoni na kula kwa jasho lake. Shoga zangu wawili wameniuliza kama nao walipe, na mmoja anataka kutumia pesa za chama. Kwa ajili yake hasa nimekaa chini kuandika.

Mahali penyewe ni ghorofa ya pili, chumba kimoja, panka moja. Tulikuwa watu tisa kwa laptopu nne, saa nane mchana, wengi wetu tumefunga. Anayekwenda awahi apate kiti chini ya panka.

Nianze na haki ya mwalimu: Jumamosi mbili za kwanza alifundisha kweli. Kijana anaijua kazi na ana subira na watu wazima. Alitukataza kugusa programu kabla ya kumwandika mtu wetu kwenye daftari: umri, umbo la uso, doa liko wapi, anavaa nini, anacheka vipi. Kisha unatoa picha kama ishirini, unatupa zisizofanana, na zilizobaki ndizo unazoipa programu kila mara iziangalie. Usipofanya hivyo, leo unapata mtu, kesho unapata dadake.

Wangu nilimwita Bi Asumini. Mama wa miaka hamsini hivi, buibui, kipini puani, kikuba kifuani. Hicho kikuba kilinichukua saa nzima. Programu haikijui, ikawa inambandika waridi la plastiki. Ilibidi nieleze kipande kwa kipande, maua madogo meupe, majani ya mrehani, yamefungwa pamoja, ndipo kikaja kitu ambacho mamangu angekitambua.

Mikono ndiyo ilinishinda. Hina ya programu ni kama muhuri: ua linaanzia kidole hiki linaishia hewani, na mara nyingine kidole chenyewe ni cha sita. Leso nayo inatoka na herufi zisizosomeka, na leso isiyo na jina, ule msemo wake, sisi hatuivai. Nilimwambia mwalimu kwamba siwezi kumwonyesha bibi harusi mkono ambao sikuupaka. Akanishauri vizuri: uso uwe wa Bi Asumini, mikono iwe picha za kazi yangu mwenyewe. Na sauti niliweka yangu, kwa sababu zile za programu nilizojaribu zilisema "ng'ombe" na "ghali" kama mgeni aliyeshuka juzi.

Jumamosi ya tatu ilihusu pesa, na hapo ndipo nilipoanza kuumia. Mwalimu alituonyesha Aitana López, yule msichana wa akili unde wa Barcelona mwenye nywele za waridi, akasema ametengenezwa na kijana mmoja chumbani kwake. Si kweli. Alitengenezwa mwaka 2023 na wakala unaoitwa The Clueless, wenye wabunifu wanaokaa kupanga wiki yake itakuwaje. Hizo euro 10,000 kwa mwezi tulizoandikiwa ubaoni ni kiasi ambacho wenyewe walisema anaweza kufikia mwezi mzuri. Wastani walioutaja ni kama 3,000. Msichana aliyekaa karibu nami, aliyekopa nauli kuvuka Likoni, alinakili ile 10,000 akaipigia mistari miwili.

Hakutwambia kwamba YouTube inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 (au, kwa video fupi, kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90) kabla ya kukugawia mapato ya matangazo, wala kwamba tangu 2023 sheria yetu ya fedha inakata asilimia 5 kwenye mapato ya namna hiyo. Na kuhusu ile alama ya kuonyesha picha ni ya akili unde, alisema tuizime kwa kuwa inafukuza watu. YouTube na TikTok zote zinataka uiweke alama hiyo pale picha inapofanana na kitu halisi. Ukiizima, ni akaunti yako inayoweza kuadhibiwa, si yake.

Ya nne sikuimaliza. Somo lilikuwa kumpa mtu wako umri mdogo, kuandikiana usiku na wanaume wa ng'ambo, kuwaita mpenzi, kisha kuomba zawadi. Kulikuwa na ujumbe tayari wa kunakili: mama mgonjwa, simu imeharibika. Nikauliza, "Mwalimu, huyu mtu akijua?" Akanijibu, "Mama, hawa hawataki kujua." Nikachukua mkoba wangu nikashuka ngazi. Mimi ni mjane. Naijua saa ile ya usiku ambayo mtu akikuandikia "umekula?" unaweza kumpa chochote. Niliomba nirudishiwe sehemu ya ada, sikujibiwa hadi leo.

Bi Asumini bado yupo. Kila Ijumaa anaeleza jambo moja: tofauti ya hina na piko, ile rangi nyeusi, kwa nini piko ya dukani inaweza kuunguza ngozi, bibi harusi apakwe siku ngapi kabla. Maelezo ya kwanza kwenye akaunti yanasema ni picha ya akili unde na sauti na mikono ni ya mpakaji wa Kisauni. Miezi mitano sasa, mtandao haujanilipa hata shilingi. Lakini maharusi saba wamenipata kupitia kwake, wawili kutoka Kilifi, na programu inanila kama 1,300 kwa mwezi pamoja na bando. Hesabu hiyo inanitosha mimi kwa sababu kazi ya mikono nilikuwa nayo tayari. Yule msichana wa Likoni hakuwa nayo, na simu yake siku hizi haipatikani.

Nasikia sasa wanauza Jumamosi moja moja kwa 2,500. Shoga yangu, lipia ya kwanza na ya pili. Pesa za chama ziache zilipo.