Nimepima intaneti tatu za nyumbani hapa Mbeya: mlima ndio unaamua, halafu jirani

Habari zenu watazamaji, na kwa watu wa nyumbani, ugonile! Leo nipo kwa dada yangu. Nyumba ya matofali ya kuchoma, juu bati, mgongoni mlima Loleza. Hayo matatu, matofali, bati na mlima, yashikeni, maana nitayarudia mpaka mchoke.

Dada ana steshenari ndogo hapa barazani. Anachapa, anawajazia watoto wa watu fomu za chuo, anatuma barua pepe za wazee. Mwezi uliopita alinipigia amewaka kweli kweli: "Mdogo wangu, hawa watu wa mtandao wananiibia. Nimejiunga bando la mwezi mzima, leo tarehe 11 limekwisha!" Nikamwambia dada tulia, usiende kugombana na mtu kaunta, nakuja na vifaa vyangu. Mwizi nilimpata, nitawaambia alikuwa wapi. Kwanza tuangalie hivi vilivyoko mezani.

Hiki kidogo ni maifai, kamodemu ka mfukoni. Kina betri, unapanda nacho basi la Dar, unafika Makambako bado unacheki mpira. Kwa nyumba sikipendekezi. Antena yake imefichwa ndani na ni ndogo, halafu ukikiacha kwenye chaji usiku na mchana betri inavimba kama andazi. Mwanafunzi wa MUST anayekaa geto peke yake kinamfaa, ingawa hata yeye simu yake mwenyewe ingetosha kumrushia kompyuta intaneti. Kaa pembeni.

Hii sasa ndiyo ruta ya laini, yaani unaichomeka laini ya simu nayo inagawa waifai. Ya kwangu ni Huawei B310, ya siku nyingi, lakini utaikuta nyumba nyingi. Boksi linasema Mbps 150, na watu hadi 32 kwa pamoja. Hiyo 150 ni ya maabara, ndugu zangu. Mnara mnagawana na mtaa mzima, na saa mbili usiku mtaa mzima uko kwenye tamthilia. Na kuna jambo linawachanganya wengi: hizo Mbps ni megabiti kwa sekunde, siyo megabaiti. Gawanya kwa 8. Ukipimiwa Mbps 20, faili lako linashuka kwa megabaiti 2.5 kila sekunde. Kwa hiyo usimtukane fundi kabla hujapiga hesabu.

Mji wetu umekaa bondeni. Kaskazini kuna safu ya Mbeya yenye huyu Loleza, kusini mashariki kuna Uporoto. Mawimbi ya simu yanapenda kuuona mnara bila kizuizi. Kilima kikikaa katikati, unabaki na makombo. Ndiyo maana jirani yako wa nyumba ya tatu anausifia mtandao wake, wewe ukiununua unalia. Yeye uchochoro wake unauona mnara, wa kwako hauuoni. Kabla hujatoa hela ya ruta, azima laini za mitandao yote hapo hapo nyumbani, ya shemeji, ya mama, ya kijana wa bodaboda, ziweke moja moja kwenye simu yako na upime kasi ukiwa chumba kile kile. Pima saa mbili usiku. Ukipima saa nne asubuhi utafurahi bure.

Halafu mahali pa kuiweka. Dada ruta yake alikuwa ameitupa chini, nyuma ya televisheni, "isiharibu sebule". Sogea nikuonyeshe. Ukiingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, namna ya kuingia nitawaambia mbele, utakuta kitu kimeandikwa RSRP, hiyo ndiyo nguvu ya mnara inayofika kwenye ruta. Ni namba ya hasi, na ikikaribia sifuri ndiyo nzuri zaidi. Kwenye 85 hasi unakula raha, ukivuka 110 hasi unaombea. Pale chini ilisoma 113 hasi. Nimeipandisha dirishani, upande unaotazama mjini: 96 hasi. Sijanunua kitu, sijalipa fundi, nimehamisha kiboksi mita nne. Matofali ya kuchoma yanakula mawimbi na bati linayarudisha yalikotoka, basi dirisha ndio mlango wako. Na nyuma hapa kuna matundu mawili ya antena ya nje, nyumba iliyofichwa kabisa na mlima inaweza kuokolewa na hiyo.

Dukani uliza mawili tu. La kwanza, ruta imefungwa kwenye mtandao mmoja? Nyingi zinazouzwa na mitandao yenyewe zimefungwa, na siku ukihama inabaki pambo. La pili, hilo bando la "bila kikomo" likifika wapi kasi inashushwa? Karibu yote yana mstari huo, umeandikwa kwa herufi za mchwa. Filamu ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa moja, kwa hiyo watoto wakifunga shule utaufikia huo mstari mapema.

Faiba sijaibeba, haibebeki, nimeijaribu kwa rafiki yangu katikati ya mji. Niseme ukweli, kama inafika kwako, chukua, mjadala umekwisha. Ni mwanga unaopita ndani ya uzi wa kioo, haujui Loleza ni nini, mvua ya Machi haiusumbui. Mimi kilichonikamata zaidi ni kupandisha. Video kama hii kwa ruta ya laini naiacha ipande nikalale. Kwa faiba ilimaliza kabla chai haijapoa.

Shida ni kufika. Hili linanichekesha na kuniuma: mkongo wa taifa, ile faiba kubwa ya nchi, unapita mkoani kwetu hapa hapa, unakwenda Tunduma kuungana na Zambia, unakwenda Kasumulu kuungana na Malawi. Unatupita kama lori la mizigo, halafu mtaa wa dada hauna hata nguzo ya kuvutia waya. Ulizeni mtaani kwenu kabla ya kutamani. Na umeme ukikatika, faiba nayo inalala, labda uwe na kile kibetri kidogo cha volti 12 cha kushikilia ruta. Tena tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zinazotuletea intaneti kutoka nje zilipokatika upande wa Afrika Kusini, wenye faiba na wenye maifai wote tulikaa tunatazamana.

Haya, mwizi.

Nilifungua ukurasa wa ruta ya dada, sehemu inayoonyesha vifaa vilivyounganishwa. Nyumba hii ina watu wanne. Vifaa vilikuwa 14! Dada akashika mdomo. Nywila yake ilikuwa namba yake ya simu, ile ile iliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha steshenari hapo nje. Vijana wa kijiweni hawakuhitaji utaalamu wowote, walihitaji macho.

Na msiseme "yangu haijaandikwa ukutani". Namba zetu zinaanza na 06 au 07, zinabaki tarakimu nane. Jumla yake ni namba milioni 200, basi. Mtu akinasa salamu ambazo simu na ruta hupeana wakati wa kuunganishwa, anaondoka nazo, anakwenda kuzijaribu nyumbani kwake bila wewe kujua. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michezo inajaribu nywila laki kadhaa kwa sekunde. Milioni 200 zinaisha kabla ugali haujaiva. Weka maneno manne au matano yasiyohusiana, yenye kukuchekesha, ili uyakumbuke. Nafasi ni hadi herufi 63, mnabana nini? Ya dada sasa ina parachichi, ina bajaji, na mengine siwaambii.

Kuna nywila ya pili ambayo watu hawaijui kabisa, ile ya kuingilia kwenye ruta yenyewe. Nyingi hutoka kiwandani jina admin, nywila admin. Mwaka 2016 kirusi kinaitwa Mirai kiliteka malaki ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu orodha fupi tu ya nywila za kiwandani, hakuna uchawi. Andika 192.168.8.1 au 192.168.1.1 kwenye kivinjari, au soma kibandiko chini ya ruta, ingia, badilisha.

Ukiwa humo humo, kwenye aina ya ulinzi wa waifai chagua WPA3 kama ipo. Haipo, WPA2 yenye AES inatosha. Ukikuta WEP, ilivunjwa tangu 2001, usiiguse. Zima WPS, ile njia ya mkato ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nywila. Ile PIN yake ina tarakimu nane, lakini ruta huikagua vipande viwili, na tarakimu ya mwisho hutokana na zilizotangulia. Kwa hiyo mjaribuji anahitaji majaribio 11,000 tu badala ya milioni mia. Hili limejulikana tangu Desemba 2011 na bado kuna ruta zinauzwa zikiwa nayo wazi. Kuficha jina la waifai ni kujisumbua, programu ya bure inaliona.

Wateja wa dada nao wanaomba waifai wakisubiri kuchapiwa, na kumnyima mtu mzima aliyekuamkia vizuri ni aibu. Ruta yako ikiwa na mtandao wa wageni, uwashe, upe jina lake na nywila yake, na ubadilishe kila Jumatatu. Msisahau kwamba simu ya mgeni inaweza kuonyesha msimbo wa QR na kumgawia nywila hiyo hiyo mwenzake, na mwenzake amgawie shangazi. Kompyuta ya kazi na printa zibaki kwenye mtandao wa ndani.

Mwezi huu bando limefika tarehe 26 na bado lipo. Kijiweni wamenuna, mmoja amemuuliza dada, "Mama, mtandao umeharibika?" Dada kamjibu umepona.

Antena ya nje nilitaka niifunge leo mbele yenu, lakini mnasikia huko nje? Hiyo ni radi, na mimi bomba la chuma juu ya bati siku ya radi silipandi. Dada, chomoa ruta kwenye umeme!