Enaji mpirani na kwenye msuli, uzoefu wangu hapa Dodoma

Wadau habari zenu, hapa chuoni UDOM enaji (vile vinywaji vya kuongeza nguvu) imekuwa kama maji, mechi enaji, UE (mitihani ya mwisho wa semesta) ikikaribia ndo usiseme kabisa, pembeni ya hosteli asubuhi machupa matupu kibao. Mi nacheza winga na usiku napiga msuli, yani nasoma kwa bidii, kwa hiyo nimezitumia kote kote, nikaona niwaambie ninachokiona.

Mpirani inasaidia, hilo silipingi. Nikipiga kopo dogo kama saa moja kabla ya mechi, kipindi cha pili bado nina hamu ya kukimbiza mipira ambayo siku nyingine naiachia tu itoke. Ni kafeini hiyo, Red Bull ya mililita 250 ina miligramu 80, inaenda kuziba kwenye ubongo pale ambapo taarifa ya uchovu ingepokelewa, yani umechoka vilevile ila hupewi habari. Wala sio doping, kafeini ilitolewa kwenye orodha ya vilivyokatazwa michezoni tangu 2004. Shida ni wale wanaoigida haftaimu, aisee ile kitu inahitaji kama nusu saa mpaka saa nzima ndo ifike kileleni, wewe unaanza kuisikia mechi inaisha, tena na gesi tumboni kila ukipiga spidi unabeua.

Halafu jua la Dodoma mnalijua, mwezi wa kumi na ule upepo mkavu jasho linakauka hata hujaliona, unavua jezi mgongoni imechora chumvi nyeupe. Hapo mwili unadai maji jamani, maji! Kopo lile lina sukari gramu 27, haliwezi kushika nafasi ya maji, mi nabeba chupa yangu ya lita moja na nusu ndo mengine yafuate.

Sasa kwenye msuli ndo napowaonea huruma watu. Inakuamsha macho kweli, ila kafeini nusu yake inabaki mwilini kama masaa matano hivi, kwa hiyo mtu akinywa saa nne usiku, saa tisa nusu bado imo. Rumeti wangu namsikia anajigeuza tu kitandani mpaka adhana ya alfajiri, akiingia kwenye pepa swali analolijua analisoma mara tatu, na ulichosoma kinakaa kichwani vizuri ukiwa umelala, sasa yeye hajalala. Mimi nainywa mchana baada ya msosi, kile kipindi cha saa nane darasa linasinzia lote, hapo inanibeba vizuri sana na saa tano usiku nalala fresh.

Mpirani naipa 7 kati ya 10, msuli wa mchana 6, kukeshea 2. Mtu mzima mwenye afya anashauriwa asizidishe miligramu 400 kwa siku, hapo hesabu na kahawa na chai ulizokunywa, na mwenye tatizo la moyo au presha aulize daktari kwanza. Kuchanganya na pombe acheni kabisa, unajiona uko vizuri kumbe umelewa chakari na boda unataka kuendesha. Enaji nyingine hata kiwango cha kafeini hazijaandika kwenye lebo, hizo mi namwachia Mangi dukani kwake.